Umati wa Watu Wanane: Kutengeneza Tamthilia ya Sauti ya Msongamano

Mpe mtu hedifoni, mzimie taa, kisha mchezee rekodi ya uwanja wenye watu elfu hamsini. Atakachosikia ni mvumo mmoja mrefu unaopanda na kushuka kama bahari iliyo mbali. Watu hatawasikia, wala hatajiona yuko kati yao. Sasa waondoe wote, wabaki wanane. Mmoja apumue nyuma ya sikio la kushoto, mwingine apekue mfuko akitafuta funguo upande wa kulia, wa tatu aseme "samahani, nipishe kidogo" kutoka umbali wa kiganja. Msikilizaji atajikunja kwenye kiti ampishe mtu ambaye hayupo.

Wanaoanza kutengeneza tamthilia za namna hii, zile zinazomzamisha msikilizaji ndani ya tukio badala ya kumsimulia, hupoteza muda mwingi kutafuta wingi. Wanakusanya rekodi za viwanja, wanarundika traki juu ya traki, wanaongeza sauti, na mwisho wake wanapata kelele tupu. Umati unaoaminika hujengwa kwa watu wachache walio karibu mno. Wale maelfu huja mwisho kabisa, kama rangi ya ukuta nyuma ya picha.

Kwa nini wachache wanatosha

Watu wakisema kwa pamoja, sikio huweza kuwahesabu watatu, labda wanne. Wakipita watano hivi, ubongo huacha kuhesabu na kusema tu "wengi". Kwa hiyo msemaji wa thelathini haongezi chochote ambacho msemaji wa nane hajakileta. Ukubwa wa sauti nao hausaidii: ukizidisha idadi ya wasemaji mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, ukiizidisha mara kumi, hupanda 10. Kutoka watu 10 hadi watu 1,000 ni desibeli 20, tofauti ambayo kidole kimoja kwenye kitufe cha sauti kinaweza kuileta. Ndiyo maana rekodi ya watu elfu ikichezwa kwa sauti ya chini haisemi "elfu". Inasema "mbali".

Kinachomwambia mtu kwamba yuko ndani ni umbali. Sauti inayotoka ubavuni hufika sikio moja kabla ya jingine, na tofauti hiyo ni milisekunde 0.7 hivi kwa kipimo cha juu, yaani muda wa sauti kuzunguka kichwa. Sauti nyembamba, zilizo juu ya takriban hezi 1,500, huzuiwa na kichwa chenyewe, hivyo sikio la pili hubaki kivulini. Mwanafizikia wa Uingereza Lord Rayleigh aliyapanga maelezo hayo mwaka 1907 na hadi leo ndiyo msingi wa kazi. Mikunjo ya sikio huongeza habari za juu na chini, mbele na nyuma.

Kwa mtengenezaji wa umati kuna jambo jingine lenye thamani kuliko hayo yote. Chanzo cha sauti kikiwa mbali, sauti nzito hufika masikio yote mawili kwa nguvu inayokaribia kulingana. Kikiingia ndani ya mita moja, na zaidi kikishuka chini ya sentimita 30, hata sauti nzito hutofautiana sana kati ya sikio na sikio. Mwili unaijua alama hiyo. Kile kitufe cha programu kinachohamisha sauti kushoto na kulia hakiwezi kuileta, kwa sababu hubadili nguvu tu na kuacha muda na umbo la sauti kama vilivyokuwa. Sauti iliyohamishwa kwa kitufe hubaki ndani ya kichwa cha msikilizaji, kwenye mstari kati ya masikio yake, na umati uliojengwa hivyo husikika kama mawazo ya mtu mwenye homa.

Kichwa cha kurekodia

Wazo la kusikiliza tamthilia kwa masikio mawili lina umri mkubwa. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, mhandisi Mfaransa Clément Ader aliweka vipaza sauti vya simu kwenye jukwaa la Opera, na wasikilizaji waliokuwa jengo jingine wakashika vipokezi viwili, kila sikio na chake. Waliweza kusikia mwimbaji akivuka jukwaa. Leo kifaa cha kawaida ni kichwa bandia chenye maikrofoni ndani ya masikio ya mpira, na kinachojulikana zaidi studioni ni Neumann KU 100. Bei yake ni ya kuazima, si ya kununua.

Bila hicho, njia ya pili ni maikrofoni mbili ndogo zinazosikia pande zote, zile za kubana kwenye kola, zikiwekwa mdomoni mwa matundu ya masikio ya mtu aliye hai. Matokeo ni mazuri sana, lakini mtu huyo humeza mate, hukohoa, tumbo lake hunguruma, na akigeuza shingo nyuzi kumi tu dunia nzima huzunguka kwenye hedifoni za msikilizaji aliyeketi kimya. Mkalishe, mpe kitu cha kuegemeza kisogo, na rekodi vipande visivyozidi dakika tatu. Njia ya tatu ni kutumia mpira mgumu wa kipenyo cha sentimita 18 hadi 20, maikrofoni moja kila ubavu, zikiwa sawa na uso wa mpira. Utapoteza sehemu kubwa ya juu na chini kwa kuwa hakuna mikunjo ya masikio, ila kushoto, kulia na ukaribu vitakuwepo. Kwa msongamano hayo matatu yanatosha.

Programu za kompyuta za kuweka sauti kavu mahali popote kuzunguka kichwa zipo, na ni nzuri kwa tabaka la mbali, yaani ule mvumo wa maelfu. Kwa walio ndani ya mita moja nisingeziamini. Nyingi hutumia vipimo vilivyochukuliwa mita moja au zaidi kutoka kichwani, na ile tofauti ya sauti nzito tuliyoitaja haimo.

Chumba kiwe kimekufa: mapazia mazito, magodoro ukutani, kichwa kikae angalau mita moja na nusu kutoka ukuta wowote. Au nenda nje penye utulivu. Mwangwi wa chumba kidogo ukishaingia kwenye rekodi hautoki, na umati wote utasikika umefungiwa kabatini. Rekodi kwa hezi 48,000 na biti 24, vilele vikae karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, na acha nafasi zaidi kwa wanaopiga kelele jirani na sikio.

Kikao cha kurekodi

Chora sakafuni duara nne kuzunguka kichwa: sentimita 30, mita 1, mita 2 na mita 4. Zikate kwa mistari minane kama vipande vya chungwa, kila makutano yapewe namba ya umbali na upande wake. Hiyo ndiyo ramani, na hati yako iandikwe kwa namba hizo: "Mwigizaji wa tano anaingia kutoka 4-nyuma, anapita 1-kulia, anasimama 30-kulia, anasema mstari wake, anaondoka kupitia 2-mbele." Waigizaji wasisimame kama kwaya. Mwanadamu ndani ya umati huyumba, huegemea, hugeuza kichwa katikati ya neno, na mgeuko huo wa mdomo husikika wazi.

Urefu ni silaha inayosahaulika. Mtoto asemee kwenye kimo chake, chini ya usawa wa masikio ya kichwa bandia. Mtu mrefu asemee juu. Watu wazima wawili warefu na mtoto mmoja aliyebanwa kati yao huwapa wasikilizaji kina ambacho traki ishirini za usawa mmoja hazitoi.

Halafu kuna sauti yenyewe. Étienne Lombard, daktari wa Ufaransa, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujua. Haiongezeki nguvu peke yake. Huwa pia nyembamba zaidi, irabu hurefuka, na koo hukaza. Ukimrekodi mwigizaji kwenye chumba kimya akizungumza kwa utulivu, kisha ukamwongeza sauti juu ya mvumo wa umati, sikio la kila mtu litatambua uongo hata kama halijui jina lake. Dawa ni rahisi: kila mwigizaji avae kipokea sauti kidogo sikio moja, mchezee kelele ya umati kwa takriban desibeli 75, na umwambie ahakikishe mwenzake aliye mita moja anamsikia. Kipokea sauti kizibe vizuri ili kelele isivujie kwenye maikrofoni.

Wanane hao hurekodiwa mmoja mmoja au wawili wawili kwa tabaka la karibu, ili uweze kuwapanga upya baadaye. Kwa tabaka la kati, la mita 2 hadi 6, warekodi wote pamoja mara sita, kila mara wakibadilisha nafasi, kiatu, na tabia ya sauti: mara ya pili wazee, mara ya tatu wamechoka, mara ya nne wanacheka. Utapata sauti 48. Usinakili rekodi moja ukaisogeza milisekunde ishirini ili ionekane ni watu wawili. Nakala hizo hukatana na kutoa mlio wa bomba. Na kumbuka kwamba mchemko wa maikrofoni, ile "shii" ndogo ya kifaa chenyewe, nao hujumlishwa: rekodi sita zilizoachwa wazi huupandisha karibu desibeli 8. Kata kila sehemu ambayo mtu hasemi wala hasogei.

Maneno ya umati wa Kiswahili

Kuandika "kelele za umati" kwenye hati ni kukwepa kazi. Kila mmoja wa wanane awe na haja inayotimizika ndani ya dakika mbili: anataka kupita, amepoteza mwenzake, anaona kitu ambacho wengine hawakioni na anakisimulia, anajuta kuja. Mistari mitatu kwa mtu inatosha, na miwili ianzie katikati, kwa sababu ndivyo maneno ya wapita njia yanavyotufikia: "...nikamwambia mimi siendi, naye akanyamaza tu." Wa tabaka la kati waache wazungumze mambo yao ya kweli. Wakibwabwaja maneno yasiyo na maana, sauti hukosa mapumziko na vicheko vya kawaida.

Sasa shida inayotuhusu sisi. Umati hauna budi kumsemesha msikilizaji, vinginevyo yeye ni kivuli. Lakini Kiswahili humsemesha mtu kwa cheo chake: dada, kaka, mama, mzee, kijana. Mwigizaji akisema "dada, nipishe", nusu ya wasikilizaji wametolewa nje ya tukio papo hapo. "Shikamoo" nayo inampa msikilizaji umri. Baki na "samahani", "ndugu", "jamani", "mwenzangu", "wewe hapo". Kwa upande mwingine lugha imetupa zawadi: kitenzi hakijali mwanamume wala mwanamke. "Umenikanyaga" inamfaa kila aliyevaa hedifoni. Na msikilizaji asilazimishwe kujibu. Mwombaji njia aseme, angoje sekunde moja na nusu, kisha aseme "asante" kana kwamba amepishwa. Pengo hilo la sekunde moja na nusu ndimo mtu anapojisogeza kweli.

Epuka msimulizi anayemwambia mtu anachohisi. "Moyo wako unadunda kwa hofu" humfanya aliyetulia aanze kujikagua, na akishajikagua umempoteza.

Mazungumzo mawili kwa wakati mmoja, kushoto na kulia, yanafaa mradi sauti za wasemaji zitofautiane na pande ziachane angalau nyuzi 60. Mtafiti Colin Cherry alionyesha mwaka 1953 kwamba mtu anaweza kufuata msemaji mmoja kati ya wawili kwa kuchagua. Mpe uchaguzi huo, na kila msikilizaji atatoka na tamthilia yake.

Msongamano husikikaje

Hapa ndipo tamthilia nyingi hukosea, kwa kudhani kwamba watu wakizidi kelele huzidi. Fikiria kwa mita ya mraba.

Mtu mmoja kwa mita ya mraba: hatua zinasikika, mbili hivi kwa sekunde, kila mtu na mdundo wake. (Miguu ya umati hailingani yenyewe, labda ardhi iwe inayumba, kama ilivyotokea kwenye daraja la Millennium la London lilipofunguliwa Juni 2000.) Mwangwi wa kuta upo, sentensi zinakamilika.

Wawili au watatu: hatua zinafupika, nguo zinaanza kugusana, "samahani" zinaongezeka. Wanne au watano: visigino vimepotea, zimebaki soli zinazoburutwa. Mwangwi umekufa, kwa kuwa miili na nguo hunyonya sauti nyembamba. Aliye mita tano anasikika kama yuko nyuma ya blanketi; aliye sentimita ishirini anasikika hadi ulimi wake. Sita au saba: hakuna miguu kabisa. Kuna pumzi, kitambaa kinachovutwa, zipu ya begi inayokwaruza, mtu anayeguna.

Kuchanganya sauti kunafuata njia hiyohiyo. Punguza mwangwi kidogo kidogo hadi uishe. Kwenye tabaka la kati na la mbali kata sauti nyembamba polepole, kutoka wazi kabisa hadi kufikia hezi 3,000 au 4,000, huku tabaka la karibu likibaki angavu. Ondoa hatua, ingiza nguo. Fanya yote kwa dakika sita hadi nane. Msikilizaji hatagundua lini alibanwa, na hata sauti kwa jumla haitakuwa imepanda.

Nguo zenyewe zirekodiwe kwa mkono: koti la nailoni, pamba nene, ngozi au ya kuigiza, sufu. Sugua kila moja sentimita 10 hadi 20 kutoka kwenye sikio la kichwa bandia, mara kwa kupita, mara kwa kubaki na kukandamiza. Pumzi ziwekwe sentimita 15 nyuma ya sikio, puani na mdomoni, za watu watatu tofauti. Kama una kiti, fungia chini yake kile kifaa kinachotikisa badala ya kutoa sauti, ukipe sauti zilizo chini ya hezi 80 tu. Msukumo mmoja mzito kila dakika moja au mbili hutosha. Ukiutumia mfululizo, kiti kitakuwa kama kiti cha basi.

Umati unapofanya jambo moja

Wimbo wa halaiki ni mtego. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 anakufikia amechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Umati mkubwa ukiimba kwa pamoja, maneno hutanda. Tabaka la kati lichelewe kidogo, la mbali lichelewe kati ya sekunde 0.1 na 0.3 kwa vikundi visivyolingana. Bila hivyo una kwaya iliyorekodiwa studioni.

Makofi yana tabia yake. Utafiti wa Zoltán Néda na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba makofi yanapoingia mdundo mmoja, kila mtu huwa amepunguza kasi yake kufika karibu nusu. Wakitaka kuongeza shangwe huharakisha, na mdundo huvunjika. Kuyapanga makofi yalingane kwa kasi ileile ya mwanzo ni kosa linalosikika mara moja.

Na kuna kunyamaza, ambako kwangu ni sauti nzuri kuliko zote za umati. Halaiki hainyamazi kama swichi. Ukimya huanzia mbele, walioona, na kurudi nyuma kama kivuli cha wingu. Ondoa wasemaji kwa mpangilio huo ndani ya sekunde nne hadi sita, acha mmoja aliyechelewa kugundua amalizie sentensi yake kwa aibu, kisha kikohozi kimoja cha mbali upande mwingine. Hapo msikilizaji atajua kuna watu elfu, bila hata mmoja wao kusema.

Ukiamua kuonyesha hatari

Mayowe ni uongo wa kwanza. Kwenye msongamano unaoua, watu hufa kwa kukosa nafasi ya kupanua kifua, na asiye na pumzi hapigi yowe. Mhandisi wa Marekani John Fruin aliandika mwaka 1993 kwamba watu wakifikia takriban saba kwa mita ya mraba, umati huwa kama kitu kimiminika: mawimbi hupita ndani yake na kuwasukuma watu mita 3 au zaidi, wengine wakichomolewa viatuni. Alieleza pia kwamba walio nyuma hawajui yanayotokea mbele, hivyo huendelea kusukuma.

Kwa sauti, hilo ni tukio lililokwisha kuandikwa. Nyuma ya msikilizaji watu wanaimba na kutaniana. Mbele pananyamaza. Kati ya pande hizo mbili kuna nguo zinazovutwa na pumzi fupi fupi, na sauti moja inayosema kwa utulivu wa kutisha, "msisukume, jamani, msisukume." Dakika moja inatosha. Rekodi halisi za maafa zisitumike kamwe, hata zikiwa kama mvumo wa mbali; wako watakaozitambua.

Weka onyo kabla ya kuanza, lenye kutaja wazi kubanwa, giza na kukosa pumzi. Weka ishara ya kutoka isiyohitaji maneno, kama kuinua mkono, na mtu anayeiangalia muda wote. Katika giza kamili mhudumu awe na njia ya kuwasha taa kwa mkono mmoja.

Hedifoni, ukumbi na barabara

Hedifoni zilizofunika sikio lote zinafaa ukumbini. Zilizo wazi mgongoni husikika kwa upana zaidi, ila zikivaliwa na watu ishirini kwenye chumba kimoja huvujiana. Zinazofuta kelele zenyewe zizimwe hali hiyo, kwani baadhi huchezea sauti nzito. Kosa linaloua maonyesho mengi kuliko yote ni dogo mno: mtu kavaa kushoto kulia. Bandika alama inayoshikika kwa vidole gizani, na anza mchezo kwa sauti inayobisha kushoto tu, ikisema "kama hunisikii upande wa mlango, geuza."

Sauti iliyorekodiwa mbele kabisa mara nyingi husikika nyuma au ndani ya kichwa, hasa gizani. Usipigane nayo. Weka mambo muhimu ubavuni na nyuma, na mbele uweke kile ambacho msikilizaji ameonyeshwa kwa macho kabla taa hazijazimwa: kiti kitupu, mlango, kipaza sauti kwenye stendi. Viti vifungwe chini ili kichwa kielekee unakotaka.

Ukitoka ukumbini kwenda barabarani mambo hugeuka, maana wasikilizaji wenyewe huwa umati. Kundi la wasanii wa Ujerumani liitwalo LIGNA lilifanya hivyo mwaka 2002 kwenye stesheni kuu ya Hamburg, watu wakifuata maelekezo ya redio kwa pamoja. Kundi la maigizo la Rimini Protokoll nao, tangu mwaka 2013, wametembeza makundi ya watu 50 hivi mijini wakiongozwa na sauti ya kompyuta. Kinachovutia ni kuwagawa: hedifoni za redio zenye chaneli tatu hukuruhusu kuambia theluthi moja isimame, nyingine itembee katikati yao, ya tatu itazame.

Usitumie Bluetooth kwa jambo linalohitaji wote wageuke kwa pamoja. Ucheleweshaji wake huwa kati ya milisekunde 100 na 300, na kila kifaa na wake. Kama kila mtu ana simu yake, tatizo haliko kwenye saa za simu. Saa iliyokosea sehemu 50 kwa milioni hupotea sekunde 0.18 tu kwa saa nzima. Tatizo ni vidole vinavyobonyeza kwa nyakati tofauti. Hesabu "tatu, mbili, moja" kwa sauti, kisha weka dakika mbili za mwanzo zisizohitaji kulingana ili waliochelewa waanze upya.

Msafara uwe na kiongozi mbele na mwingine nyuma kwa kila watu 25. Hedifoni zisizibe sauti za barabara: sauti ishuke kwenye kila kivuko, na maelekezo ya kuvuka yatolewe na mtu kwa mkono, kamwe yasitoke kwenye rekodi. Usiwaambie wakimbie wala wasukume, na usiwabane zaidi ya wawili kwa mita ya mraba. Msongamano ubaki masikioni.

Sauti kwa jumla isipite wastani wa desibeli 80, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiona salama kwa saa 40 kwa wiki. Umati wa karibu hauhitaji zaidi. Faili itolewe bila kubanwa, au ikibidi kubanwa, kwa kilobiti 256 kwa sekunde na chaneli mbili zinazojitegemea, kwa sababu mbanano mkali huunganisha kushoto na kulia na kufuta zile tofauti ndogo ulizozihangaikia. Kompresa, chombo kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, usiitumie kwenye mchanganyiko mzima. Humsogeza karibu aliye mbali na kumrudisha nyuma aliye karibu, yaani huvunja ramani yako yote.

Tabaka la mbali, ule mvumo, likirudiarudia litajisaliti kwa kicheko kimoja au mluzi unaorudi kila sekunde arobaini. Tumia vipande viwili vya urefu usiogawanyika, kwa mfano sekunde 97 na 131. Vitakutana tena mwanzoni baada ya saa tatu na nusu. Kabla ya hapo, sikiliza kila kimoja peke yake na ukate chochote kinachotambulika.

Jaribio

Chukua watu sita ambao hawajausikia mchezo, mmoja mmoja. Baada ya dakika tano za kusikiliza wape karatasi yenye duara, kichwa katikati, waweke alama walipowasikia watu. Kisha uliza swali moja: palikuwa na watu wangapi?

Wakisema "wanane" au "kumi", tabaka la kati ni jembamba. Ongeza rekodi mbili za kikundi. Alama zote zikikusanyika nyuma, hamishia baadhi ya wapita njia ubavuni. Wakisema "mia, mia mbili" lakini wakachora watu sita au saba wenye mahali pao, mmoja mrefu, mmoja mtoto, mchanganyiko uko sawa. Wakisema "kelele nyingi" na karatasi ikarudi tupu, shusha tabaka la mbali desibeli 6 na ujaribu tena kwa watu wengine sita, maana masikio yaliyokwisha kuusikia mchezo hayawezi tena kukupa jibu.